Kupima Pengo: Utangulizi

Nilikuwa kijana wa miaka 23 nilipokabidhiwa mizani ndogo ya kuning'iniza, daftari na penseli kadhaa, nikaambiwa niende kijijini kudadisi matumizi ya kaya. Kijiji kilikuwa kando ya Ziwa Victoria, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Mwanza mjini. Katika nyumba ya kwanza niliyopiga hodi, mama mwenye nyumba alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka gulioni na fungu la dagaa, kisado cha mahindi na nyanya nne. Kazi yangu ilikuwa kuandika kila kilichonunuliwa na kila kilicholiwa katika kaya ile. Kwa kuwa fomu haikuwa na kipimo kiitwacho fungu, nililitia fungu lake kwenye mfuko, nikalining'iniza kwenye mizani, nikasoma gramu na kuandika. Alinitazama mpaka nikamaliza, kisha akauliza: "Mwanangu, dagaa wangu umeshawapima. Na wale wa mjini wenye magari, nao mnawapimia samaki wao?"

Nilimjibu kwamba ndiyo, kaya huchaguliwa kwa bahati nasibu mijini na vijijini, kwa hiyo wenye magari nao wamo. Kwa mujibu wa mafunzo niliyopewa, jibu lile lilikuwa sahihi. Swali lenyewe lakini lilikuwa limenizidi kimo, na imenichukua miaka mingi ya kusoma na kufundisha kuliona lilivyo. Kwa pumzi moja mama yule alikuwa ameshika mambo mawili makubwa ya taaluma hii: kwamba kujua alicho nacho mtu hakutoshi mpaka ujue alicho nacho mwenzake, na kwamba mwenye nacho kingi ndiye mgumu zaidi kupimwa.

Karibu, msomaji. Taaluma ya kupima ukosefu wa usawa inaogopwa kwa sababu ya alama zake za hesabu, na haistahili kuogopwa. Anayejua kujumlisha na kugawanya ataelewa sehemu kubwa ya yaliyomo. Kinachotaka utulivu wa kichwa ni maamuzi yanayofanyika kabla hesabu haijaanza. Ahesabiwe nani? Kihesabiwe kitu gani, na kwa muda gani? Tofauti ikishaonekana, ni ipi ituume zaidi? Kila namba ya usawa unayoisikia redioni imebeba majibu ya maswali hayo, hata kama anayeisoma hayajui. Nia yangu ni uzoee kuyauliza, uwe mwanafunzi, mwandishi wa habari, diwani, au mtu tu anayelipa nauli ya daladala na kujiuliza nchi inakwenda wapi.

Kwanza tutenganishe ndugu wawili ambao watu huwachanganya. Umaskini hupimwa kwa kuchora mstari na kuhesabu walio chini yake. Kwa Tanzania Bara, utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2011/12 ulikuta asilimia 28.2 ya watu wako chini ya mstari wa mahitaji ya msingi. Ule wa 2017/18 ukakuta asilimia 26.4. Ukosefu wa usawa hauna mstari. Unamtazama kila mtu, wa juu na wa chini, na kuuliza wameachana kiasi gani. Ndiyo maana ndugu hawa wanaweza kushika njia tofauti. Katika miaka ile ile ambayo umaskini ulipungua kidogo, pengo la matumizi lilipanuka. Mwanasiasa anayetaja la kwanza na mpinzani wake anayetaja la pili wanaweza wote wawili kuwa wanasema kweli.

Sasa twende kwenye vipimo vyenyewe. Watanzania wa rika langu tumekulia chini ya mabalozi wa nyumba kumi, basi na tuchukue nyumba kumi za balozi mmoja wa kubuni, kila nyumba ikiwa na idadi sawa ya watu. Kwa wiki moja, nyumba ya kwanza, iliyo duni kuliko zote, inatumia shilingi 30,000. Ya pili na ya tatu zinatumia 40,000 kila moja, ya nne 50,000, ya tano 70,000, ya sita 80,000, ya saba 90,000, ya nane 120,000, ya tisa 160,000. Ya kumi, yenye duka la jumla na bodaboda mbili za kukodisha, inatumia 320,000. Jumla ni milioni moja kamili na wastani ni 100,000. Tazama wastani huo vizuri: hakuna nyumba hata moja inayotumia kiasi hicho, na saba kati ya kumi ziko chini yake.

Mwaka 1905 Max Lorenz, akiwa bado mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, alipendekeza mchoro ambao wachumi hawajauacha mpaka leo. Wapange watu kuanzia wa chini kabisa, kisha kila unapoongeza mtu onyesha fungu lao la pamoja limefika wapi. Katika mtaa wetu nyumba ya kwanza, yaani asilimia 10 ya wakazi, ina asilimia 3 ya matumizi yote. Nyumba mbili za chini zina 7. Nne zina 16. Nusu ya mtaa, nyumba tano, zina 23 tu. Tisa zina 68, na ya kumi inakamilisha 100. Kama kila nyumba ingetumia sawa na nyingine, mstari ungenyooka kama uzi wa fundi mwashi kutoka pembe hadi pembe, nusu ya watu wakiwa na nusu ya matumizi. Mstari wetu umelegea, kama kamba ya kuanikia iliyolemewa na mablanketi mabichi. Kadiri kamba inavyolegea, ndivyo pengo linavyokuwa kubwa.

Miaka saba baada ya Lorenz, mwanatakwimu wa Kiitaliano Corrado Gini alileta namba ambayo leo ni maarufu kuliko zote. Wazo lake unaweza kulifanya mezani. Andika namba za nyumba kumi kwenye vikaratasi, vitie kofiani. Chomoa kimoja, kiandike, kirudishe, chomoa tena. Nyumba hizo mbili zimepishana shilingi ngapi? Ukirudia mara nyingi sana, wastani wa tofauti hizo katika mtaa wetu utakaribia 79,600. Ugawe kwa wastani wa matumizi, 100,000, upate 0.796, kata nusu, upate 0.398. Hicho ndicho kipimo cha Gini cha nyumba zetu kumi. Mwaka 1914 Gini alionyesha kwamba namba hiyo hiyo imejificha katika mchoro wa Lorenz: ni eneo lililo kati ya uzi ulionyooka na kamba iliyolegea, likigawanywa kwa eneo lote lililo chini ya uzi. Sifuri maana yake wote wako sawa. Kadiri namba inavyoisogelea moja, ndivyo mtu mmoja anavyokaribia kumeza kila kitu.

Nimeupanga mtaa wetu ufikie karibu 0.4 kwa makusudi, kwa kuwa hapo ndipo Benki ya Dunia inapoiweka Tanzania kwa utafiti wa 2017/18, na Kenya haiko mbali na hapo. Slovakia na Slovenia ziko karibu na 0.24. Afrika Kusini, kwa takwimu za katikati ya muongo wa 2010, ilifika 0.63, kiwango cha juu kuliko vyote katika orodha za benki hiyo wakati huo. Usiharakishe kulinganisha lakini. Nitaeleza kwa nini.

Kuna jambo moja kuhusu Gini ambalo huwaambia wanafunzi wangu kila mwaka. Alikuwa mfuasi wa Mussolini, aliongoza taasisi kuu ya takwimu ya Italia chini ya utawala ule, na mwaka 1927 alichapisha makala ya kuutetea ufashisti kwa hoja alizoziona za kisayansi. Kipimo chake tunakitumia kwa sababu hesabu yake ni sahihi. Ila ni vyema mwanafunzi ajue tangu siku ya kwanza kwamba kulipima pengo na kuumizwa na pengo ni mambo mawili, na la pili halimo ndani ya kanuni yoyote.

Hapa naomba tukae kwa muda, maana ndipo taaluma hii inapokuwa na uzito wake. Rudi kwenye nyumba kumi na ufanye mabadiliko mawili. La kwanza: mwenye duka wa nyumba ya kumi ampe jirani yake wa nyumba ya tisa shilingi 30,000. Sasa wa kumi anatumia 290,000 na wa tisa 190,000. La pili: nyumba ya kwanza, ile yenye 30,000, ipoteze 10,000 na ziende nyumba ya nne. Sasa ya kwanza ina 20,000 na ya nne ina 60,000. Ikiwa nyumba ile ya kwanza ilikuwa inapika mara mbili kwa siku, wiki hii kuna siku haipiki. Kokotoa Gini upya. Unapata 0.398, ile ile, haijapungua wala kuongezeka hata kwa desimali ya tatu. Hisani ya tajiri kwa tajiri mwenzake imefuta, katika hesabu, njaa ya nyumba ya kwanza. Kisa ni kwamba Gini hutazama nafasi ya mtu kwenye foleni. Shilingi inayohama kutoka kwa wa kwanza kwenda kwa wa nne huhesabiwa kwa ngazi tatu ilizopanda, iwe imetoka kwenye sufuria ya ugali au kwenye akiba ya kubadilishia gari.

Nilipoifanya hesabu hii kwa mkono mara ya kwanza nilidhani nimekosea, nikairudia. Hakuna kosa. Kipimo kinafanya kilichoundiwa kufanya.

Mwingereza Hugh Dalton, ambaye baadaye alikuwa waziri wa fedha wa nchi yake kuanzia 1945 hadi 1947, alikuwa ameshaandika mwaka 1920 kwamba kila kipimo cha ukosefu wa usawa kinaficha ndani yake imani fulani kuhusu ustawi wa watu. Alitaka kila kipimo kitimize angalau sharti moja: shilingi ikitoka kwa mwenye zaidi kwenda kwa mwenye pungufu, bila kuwapindua nafasi zao, kipimo kishuke. Sharti hilo Gini analitimiza. Lakini kishuke kiasi gani? Hilo Dalton aliliacha wazi, na nusu karne baadaye, mwaka 1970, Anthony Atkinson akalichukua na kulitolea jibu la kiungwana kabisa. Tuseme milioni moja ya mtaa wetu inaweza kugawanywa sawasawa, ila katika kugawanya sehemu yake itapotea njiani. Ungekubali ipotee kiasi gani ili usawa upatikane? Anayesema hayuko tayari kupoteza hata senti tano, kwake pengo si hasara. Anayesema yuko tayari kupoteza asilimia 30, kwake pengo la sasa linaugharimu mtaa asilimia 30 ya ustawi wake. Atkinson aliiweka ndani ya kanuni tarakimu moja ambayo mtumiaji lazima aichague mwenyewe, tarakimu inayosema anamjali wa chini kwa kiasi gani. Ukiipandisha mpaka mwisho, kipimo hakimtazami mtu mwingine isipokuwa aliye duni kuliko wote. Kwa mtazamo huo mtaa wetu ulikuwa na 0.7, na baada ya mabadiliko yale mawili una 0.8. Hali imekuwa mbaya zaidi.

Ninampenda Atkinson kwa hili kuliko mchumi mwingine yeyote. Hakuficha hukumu yake ndani ya mashine. Aliitoa mezani na kumwambia msomaji: chagua, kisha useme umechagua nini.

Wengine hupenda uwiano wa moja kwa moja, unaoeleweka hata na asiyesoma takwimu. Mchumi wa Chile Gabriel Palma aliona kwamba katika nchi nyingi sana, tajiri kwa maskini, wale walio katikati, yaani watu walio juu ya asilimia 40 ya chini na chini ya asilimia 10 ya juu, huchukua takriban nusu ya pato. Kinachotofautisha nchi na nchi ni nusu iliyobaki: wa juu wachukue ngapi na wa chini wabaki na ngapi. Kwa hiyo gawa fungu la asilimia 10 ya juu kwa fungu la asilimia 40 ya chini. Kwetu nyumba ya kumi ina 320,000 na nyumba nne za chini zina 160,000 kwa pamoja. Uwiano ni 2. Baada ya mabadiliko, 290,000 kwa 160,000, uwiano ni 1.81. Palma anasema hali imekuwa bora! Basi tunao mtaa mmoja na wiki moja, halafu vipimo vitatu vyenye heshima zao, kimoja kikisema hakuna kilichobadilika, cha pili pengo limepungua, cha tatu limeongezeka. Vyote vitatu havijakosea hesabu.

Uwiano una historia yake hapa nyumbani. Mwalimu Nyerere, alipotathmini mwaka 1977 miaka kumi ya Azimio la Arusha, alitumia kipimo cha aina hii: mshahara wa juu ukilinganishwa na kima cha chini, baada ya kodi. Kutoka takriban 50 kwa 1 wakati wa uhuru, ulikuwa umeshuka hadi takriban 9 kwa 1. Ni badiliko kubwa kwa nchi yoyote, na anayelibeza hajui ugumu wake. Lakini tumia maswali yetu. Amehesabiwa nani? Mwenye mshahara. Wananchi wengi wa wakati ule walikuwa wakulima na wafugaji, na pengo kati ya mlima kahawa na mlima mtama, au kati ya kijiji na mji, halikuwa na nafasi katika namba ile.

Kwa pengo la aina hiyo kuna chombo kingine, cha Henri Theil, Mholanzi aliyeazima hesabu za nadharia ya mawasiliano mwaka 1967. Uzuri wake ni kwamba unaweza kukifumua: kiasi hiki cha pengo ni kati ya mikoa, kiasi hiki ni ndani ya kila mkoa, na vipande vikijumlishwa vinarudisha jumla ile ile. Branko Milanovic, aliyefanya kazi Benki ya Dunia kwa miaka mingi, ameuliza swali hilo kwa dunia nzima na kukuta kwamba sehemu kubwa ya tofauti za kipato kati ya wanadamu wote inatokana na nchi mtu anamoishi. Gini ya dunia aliyoikadiria kwa mwaka 2008 ni karibu 0.7, zaidi ya ile ya Afrika Kusini.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba zile shilingi 30,000 na 320,000 tumezikuta zimeandikwa ukutani. Sasa turudi gulioni. Kwanza, tunapima nini? Ulaya na Amerika ya Kusini kwa kawaida hupima kipato. Afrika kwa kawaida hupima matumizi, maana mkulima hana hati ya mshahara na biashara ya mama lishe huchanganyika na chakula cha wanawe. Matumizi hutawanyika kidogo kuliko kipato, kwa sababu mwenye kingi huweka akiba na mwenye kidogo hukopa ili ale. Hivyo ukiweka Gini ya Brazil, iliyotokana na kipato, kando ya Gini ya Tanzania iliyotokana na matumizi, umelinganisha urefu wa mtu aliyesimama na wa aliyeketi. Na ukipima mali badala ya vyote viwili, yaani mashamba, ng'ombe, nyumba na hisa, pengo linakuwa kubwa zaidi karibu kila nchi iliyopimwa.

Pili, nani ni nani? Kaya, kwa maelezo tuliyowapa wadadisi wetu, ni wale wanaokula chungu kimoja. Ukiwa na chungu cha watu wazima wawili na kingine cha watu wazima wawili na watoto sita, huwezi kugawa kwa vichwa tu. Mtoto wa miaka mitatu hali kama baba yake. Kwa hiyo mtoto huhesabiwa kama sehemu ya mtu mzima, na ukubwa wa sehemu hiyo ni uamuzi wa mtu aliyekaa ofisini. Mahindi yaliyotoka ghalani kwa mwenye kaya hayakununuliwa, lazima yapewe bei. Bei ya Kariakoo si bei ya Kasulu, lazima ifanyiwe marekebisho. Kila hatua ndogo ya namna hii inaisogeza namba ya mwisho.

Inaisogeza kiasi gani? Kwa bahati njema tunalo jibu kutoka hapa hapa Tanzania. Mwaka 2007 na 2008 Kathleen Beegle na wenzake watatu walichukua kaya takriban 4,000 katika wilaya saba na kuzigawa kwa bahati nasibu katika mafungu manane, kila fungu likipimwa matumizi yake kwa njia tofauti. Baadhi waliulizwa wakumbuke wiki iliyopita kwa orodha ndefu ya vyakula. Wengine walipewa orodha fupi, wengine wakaulizwa kuhusu mwezi wa kawaida. Wengine waliandika shajara ya kaya, na fungu moja lilipewa uangalizi wa karibu zaidi, kila mtu mzima akiwa na shajara yake mwenyewe na mdadisi akipita mara kwa mara. Kwa kuwa mafungu yalichaguliwa kwa bahati nasibu, tofauti yoyote iliyojitokeza ilitokana na njia ya kuuliza. Na ilijitokeza. Njia za kukumbuka zilileta matumizi madogo kuliko shajara ya mtu binafsi, na upungufu ulikuwa mkubwa zaidi katika kaya maskini na katika zenye watu wazima wengi. Yaani anayesahauliwa zaidi na dodoso ni maskini, na pengo kwenye karatasi laweza kuonekana kubwa kuliko lilivyo.

Ukishalijua hilo, hutaziangalia tena takwimu za miaka miwili tofauti kwa macho yale yale. Utafiti wa 2011/12 ulitumia shajara ya siku 28. Wa 2017/18 ulitumia ya siku 14. Mama akiandika kwa wiki nne huchoka, na kufikia wiki ya tatu chumvi na kiberiti havionekani tena. Kufupisha shajara lilikuwa jambo la busara. Kulinganisha matokeo bila kukumbuka ufupisho huo ndiko kusiko na busara.

Huo ni upande wa chini. Upande wa juu una geti la chuma na mlinzi anayesema bosi amesafiri. Katika sampuli ya kaya 9,500 hivi za nchi nzima, kati ya matajiri wakubwa huenda asiingie hata mmoja, na akiingia, huenda asifungue mlango, na akifungua, hatakumbuka kila kitu. Ndilo jibu nililopaswa kumpa yule mama wa dagaa: hapana, samaki wao kwa kweli hatuwapimi. Nchi zenye kumbukumbu nzuri za kodi zimepata njia ya kuzunguka geti. Simon Kuznets alianza kuzitumia Marekani katika miaka ya 1950, na mwaka 2003 Thomas Piketty na Emmanuel Saez wakazifuata kuanzia kodi ya mapato ilipoanza huko mwaka 1913. Walikuta kwamba asilimia 10 ya juu ilichukua karibu asilimia 45 ya mapato katika miaka ya 1920, ikashuka hadi karibu theluthi moja wakati wa Vita Kuu ya Pili, ikakaa hapo kwa miongo mitatu, kisha ikaanza kupanda upya. Tafiti za kaya peke yake zisingeionyesha hadithi hiyo.

Atkinson yule yule alijaribu kufanya hivyo kwetu, katika miaka yake ya mwisho, kwa kufukua ripoti za kodi ya mapato za enzi za ukoloni za Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Alichokiona vizuri ni kilele kidogo cha watu wachache waliotozwa kodi ile. Mamilioni waliobaki walitozwa kwa kichwa au kwa kibanda, kwa kawaida kiasi kile kile kwa kila mtu, na kodi ya kichwa haikuambii kitu kuhusu mfuko wa anayeilipa.

Kuna geti jingine ambalo halina mlinzi, na wachumi tumelipita kwa muda mrefu bila kulitazama. Tunapogawa matumizi ya kaya kwa waliomo, tunadhani chungu kimoja kina mwiko mmoja wa haki. Mwaka 1990 Lawrence Haddad na Ravi Kanbur walitumia takwimu za chakula alichokula kila mtu katika kaya za Ufilipino, na wakaonyesha kwamba ukiifanya kaya gunia lililofungwa, unaweza kulipunja pengo halisi kwa asilimia 30 au zaidi. Ni kiasi cha kugeuza nchi yenye sifa nzuri kuwa ya kawaida. Shajara ya kila mtu mzima, ile iliyoshinda katika jaribio la Tanzania, inasaidia kidogo, ila inagharimu fedha na miguu ya wadadisi, na bado inaandika zaidi kilichonunuliwa kuliko kilichoingia mdomoni. Sehemu hii ya taaluma inasubiri watu wapya, na ningefurahi wawe wasomaji wa Kiswahili, maana maswali yake yanaulizwa jikoni, kwa lugha ya jikoni.

Siku ya mwisho kijijini nilirudi kwa yule mama kuchukua daftari la shajara nililomwachia. Mwanawe wa darasa la sita ndiye aliyekuwa akimwandikia, kwa mwandiko wa kulala kuelekea kushoto. Nilipitia kurasa moja moja kama nilivyofundishwa, nikakuta kwenye siku ya Jumamosi: nyama ng'ombe, nusu kilo. Nikamuuliza kama ililiwa yote na watu wa kaya au palikuwa na wageni. Akasema wageni hawakuwepo. Nikaweka alama ya vema pembeni.

"Hiyo nusu kilo," akasema, "mmeiandika yetu sote?"

"Ndiyo, mama. Ni ya kaya."

Akatazama ile alama kwa muda. "Mimi na wasichana tulipata mchuzi."